Kidonda Kisichofunga: Ushuhuda wa Fundi wa Maabara ya Tishu, Grande Barrière

Kipande kinachokatwa mwilini mwa mgonjwa hunifikia kikiwa kimezama ndani ya kikopo cha formalini. Nakipitisha kwenye spiriti, nakiweka ndani ya nta ya parafini mpaka kigande, kisha nakikata kwa mikrotomu vipande vyenye unene wa maikromita 3 au 4. Navibandika juu ya kioo na kuvitia rangi mbili, ya zambarau kwa viini vya seli na ya waridi kwa vilivyobaki. Daktari wa patholojia husoma kioo hicho na kuandika jibu. Wagonjwa humjua daktari aliyekata na daktari aliyetoa majibu. Sisi tulio katikati hawatujui, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni swali ambalo karatasi yetu hailijibu, lile ambalo ndugu wa mgonjwa huuliza wakishaliona neno saratani: imetoka wapi?

Naishi Gisenyi, karibu na Grande Barrière, mpaka ule wa kando ya Ziwa Kivu ambapo hatua chache zinakutoa Rwanda na kukuingiza Goma. Wagonjwa wetu ni wa pande zote mbili. Kwenye foleni ya barrière nimesikia majibu mengi ya swali hilo. Amerogwa na mke mwenzake. Amelishwa kitu. Ni laana ya ukoo wa mama yake. Wengine husema ni mapenzi ya Mungu, na hapo mazungumzo hufungwa. Mimi ninayeshinda na hadubini nimeona jambo jingine, nami naona ni wajibu wangu kulieleza.

Tuanze na ngozi, kwa sababu ndiyo inayosomeka kwa urahisi zaidi. Safu yake ya chini kabisa ina seli fupi zilizobanana, zenye viini vilivyokolea rangi. Kadiri unavyopanda, seli zinazidi kuwa bapa, na juu kabisa ni magamba yaliyokufa, yale tunayoyasugua tukioga. Ngozi hujifanya upya kila baada ya wiki chache, na kila gamba linalodondoka asili yake ni kule chini. Baadhi ya seli za safu ile ndizo seli shina. Zinapogawanyika, kwa wastani nusu ya watoto hubaki shina na nusu hupanda juu kuwa ngozi, wakafanya kazi yao na kufa. Utumbo una haraka kuliko ngozi: utando wake wa ndani hubadilika wote kwa siku 3 hadi 5, ukizalishwa na seli shina chache zilizojificha chini ya vishimo vidogo sana. Nick Barker na Hans Clevers, huko Utrecht nchini Uholanzi, walipata mwaka 2007 alama ya kuzitambua. Uboho wa mifupa nao hutoa seli nyekundu za damu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Mtu aliyekaa kimya kwenye benchi akisubiri pasi yake igongwe muhuri, mwili wake unafanya kazi hiyo yote bila yeye kujua.

Kabla ya kugawanyika, seli lazima inakili DNA yake yote, herufi zaidi ya bilioni 6. Anayeyafahamu madaftari ya mpakani ataelewa upesi. Karani mmoja akikosea jina la mama kwenye daftari, na karatasi inayofuata ikanakiliwa kutoka daftari hilo, kosa litasafiri na mama huyo miaka yote, hata kama makarani waliofuata ni makini kupindukia. Vimeng'enya vinavyonakili DNA ni makini kweli. Husoma tena vilichoandika, na vingine hupita nyuma yao kusahihisha, hata likabaki takriban kosa 1 kwa kila herufi bilioni 1, au pungufu ya hapo. Lakini kosa lililoponyoka limeponyoka. Likitokea kwenye seli ya juu ya ngozi, litadondoka nayo na hakuna atakayelijua. Likitokea kwenye seli shina, watalirithi wote watakaotoka kwake, maisha yote ya mtu huyo.

Makosa hayo siku hizi yanahesabika. Seli shina ya utumbo mpana wa binadamu huongeza mabadiliko arobaini na kitu kila mwaka, na ile ya damu takriban 17. Hesabu hupanda pamoja na umri, kwa tajiri na maskini, kwa mcha Mungu na mlevi. Mwaka 2022 Alex Cagan, Iñigo Martincorena na wenzao wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya aina 16 za wanyama wanyonyeshao. Panya hupata mabadiliko karibu 800 kwa mwaka katika seli za utumbo wake, twiga kama 99, na yule fuko asiye na manyoya wa Kenya, Somalia na Ethiopia, anayeishi zaidi ya miaka 30, hupata 93. Binadamu ni 47. Urefu wa maisha ya wanyama hao hutofautiana mara 30, lakini idadi ya mabadiliko waliyonayo wanapofikia mwisho wa maisha yao hutofautiana mara 3 tu hivi. Yaani anayeishi muda mrefu huyakusanya polepole.

Ninaposimulia haya kwa ndugu wa mgonjwa, naona mabega yao yakishuka. Mama aliyekuwa akijilaumu kwa chakula alichompikia mumewe anasikia kwamba mume huyo, na yeye mwenyewe, na mimi ninayezungumza, sote tunabeba mabadiliko hayo kwa maelfu, na kwamba hayakuletwa na mtu.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenzetu wa hospitali hulirahisisha mno. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mabadiliko huja kwa kugawanyika peke yake. Mwaka 2021 Federico Abascal na wenzake wa taasisi hiyohiyo ya Sanger walionyesha kuwa hata seli za ubongo, ambazo hazigawanyiki tena, hukusanya mabadiliko mwaka hadi mwaka, kwa kasi isiyo mbali na ile ya tishu zinazogawanyika. DNA huharibika yenyewe ndani ya mwili, hurekebishwa, na mafundi wa kurekebisha nao hukosea. Kwa hiyo kugawanyika si chanzo pekee cha makosa. Uzito wake uko kwingine. Seli ya ubongo yenye kosa hubaki peke yake na kosa lake. Seli shina yenye kosa huzaa, na kosa likiipa nguvu kidogo kuliko jirani zake, uzao wake hutwaa nafasi za majirani.

Tena kutwaa nafasi peke yake bado si saratani. Mwaka 2018 Martincorena na wenzake walichunguza umio wa watu 9 wa umri kati ya miaka 20 na 75, umio usio na ugonjwa wowote unaoonekana. Kwa waliofika umri wa makamo, zaidi ya nusu ya utando ulikuwa umeshatawaliwa na koo za seli zenye mabadiliko, mengine katika jeni zilezile zinazokutwa ndani ya saratani. Watu hao walikuwa wakila na kumeza kama kawaida. Kisha mwaka 2021 yakaja matokeo yanayotuhusu sisi moja kwa moja, kwa kuwa saratani ya umio imeenea katika ukanda wa Afrika Mashariki kutoka Ethiopia hadi Malawi na kuendelea kusini. Sarah Moody na wenzake walisoma DNA yote ya saratani za umio 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Walitarajia kwamba nchi zenye wagonjwa wengi zingeonyesha alama ya sumu fulani kwenye DNA, kama moshi wa sigara unavyoacha alama yake kwenye mapafu. Hawakuiona. Alama zilifanana, nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache.

Nimeyafikiria matokeo hayo kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu yanatuambia tuangalie zaidi kile kinachozisukuma seli zilizokwisha kubadilika kuliko kutafuta sumu moja ya kulaumu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliweka mwaka 2016 vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai ya moto sana haihitaji kuandika herufi mpya kwenye DNA. Inatosha iunguze, utando ujirekebishe, iunguze tena kesho.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye kidonda ndugu.

Mama mmoja aliyekuwa akivusha mboga kwenda Goma aliunguzwa na uji wa moto akiwa mtoto, mbele ya mguu, chini ya goti. Pakabaki kovu gumu, na kovu likawa linapasuka na kufunga, linapasuka na kufunga, mpaka mwaka fulani likaacha kufunga. Alilifunika kwa kitambaa. Alitia majani, kisha akawa anapasua vidonge vya antibiotiki na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama wengi wanavyofanya huku. Nilipomwambia aende kukatwa kipande kipimwe, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hiki nimekizoea."

Kioo cha kipande chake nilikitengeneza mimi. Safu ya chini ya ngozi haikuwa tena safu. Ilikuwa imeshuka kwa ndimi na visiwa ndani ya nyama, na seli zinazogawanyika, ambazo zilipaswa kukaa chini tu, zilionekana kila mahali, kromosomu zake zikiwa zimevutwa pande mbili, na nyingine pande tatu, jambo ambalo seli yenye afya hailifanyi. Ni saratani ya ngozi inayoota kwenye kovu. Inaitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika juu ya vidonda vya namna hiyo mwaka 1828. Kati ya kuungua na saratani hupita wastani wa takriban miaka 30. Miaka yote hiyo seli shina za pembezoni mwa kidonda zinaitwa zije kuziba, zinakuja, zinagawanyika, pengo halizibi, zinaitwa tena. Seli za ulinzi zilizojaa kwenye usaha hutoa kemikali zinazochubua DNA. Anayezaa haraka katika hali hiyo ndiye anayebaki. Mguu wa mama yule ulikatwa juu ya goti. Anaishi.

Kisa chake nakirudia kila nipatapo nafasi kwa sababu hakikuwa na fumbo lolote. Kidonda kile kingeweza kufungwa kwa kupandikizwa ngozi miaka mingi kabla, na hadithi ingekuwa nyingine.

Nikikaa na madaktari wa tumbo wananieleza habari ileile kwa viungo vingine. Bakteria wa Helicobacter pylori huishi tumboni mwa watu wengi mno wa maeneo haya, wakiuchoma utando taratibu kwa miongo, na seli shina za tumbo zikifanya kazi ya ziada ambayo hazikuumbiwa. Wiki mbili za dawa huwaondoa mara nyingi. Virusi vya homa ya ini aina B huifanya kinga ya mwili iue seli za ini zilizoambukizwa, na ini hujikarabati kwa kugawanya zile zilizobaki. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya ikiongezeka juu yake, inaandika kosa mahali mahususi katika jeni inayoitwa TP53, mlinzi wa seli. Hata uvimbe wa taya wa watoto, ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa mpasuaji Mulago, Kampala, una habari hiyo ndani yake, ijapokuwa seli zake si seli shina za tishu. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli B za damu zigawanyike bila kupumzika, huku virusi vya Epstein-Barr vikizizuia kufa, mpaka siku moja kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kuungwa kwenye ya 14. Burkitt aliona kwamba uvimbe huo hupungua sana ukipanda juu ya mita 1,500 hivi karibu na ikweta, ambako mbu wa malaria ni wachache. Ufuko wetu wa Kivu uko kama mita 1,460.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa hapo mpaka wenyewe unaonekana. Virusi vya HPV huingia kwenye seli za chini za utando, vikazishikilia mbili kati ya breki za seli, zikawa zinagawanyika wakati zilipaswa kupumzika. Rwanda ilianza mwaka 2011 kuwachanja wasichana wa shule nchi nzima, ya kwanza Afrika kufanya hivyo, na zaidi ya wasichana 9 kati ya 10 waliolengwa walipata chanjo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ng'ambo ya barrière hapakuwa na mpango kama huo wa kitaifa. Wasichana waliokuwa wakikutana kila siku kwenye barabara moja, wanaosema Kiswahili kimoja na wakati mwingine wana bibi mmoja, wamekua wakiwa na hatari tofauti kabisa mwilini. Hilo haliwezi kuitwa bahati.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba tishu ambazo seli shina zake hugawanyika mara nyingi zaidi ndizo zenye saratani nyingi zaidi, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba theluthi mbili za saratani ni bahati mbaya. Utafiti wenyewe ulieleza tofauti kati ya tishu na tishu, kwa takwimu za Marekani, na saratani ya titi haikuwemo. Haukusema kwamba theluthi mbili za wagonjwa hawakuwa na la kufanya. Kwetu, maneno yale yaliangukia juu ya imani iliyokuwepo tayari, na nimemsikia mtu mzima mwenye elimu akiyatumia kumzuia dada yake asiende kupimwa. Kilichothibitishwa, kwangu mimi, ni kwamba kugawanyika kwa seli shina ndiyo njia ambayo saratani hupitia. Chochote kinachoongeza msongamano kwenye njia hiyo, kidonda, virusi, bakteria, uchomwaji wa kila siku, kinastahili kuondolewa mapema.

Wagonjwa wanaopelekwa kutibiwa huenda Butaro, wilayani Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, au Kanombe mjini Kigali, ambako tiba ya mionzi ilianza kutolewa mwaka 2019. Wakirudi, swali ni moja: mbona nywele zimeisha, mdomo umejaa vidonda, damu imepungua? Dawa za kemikali hulenga seli zinazogawanyika, na hazijui kutofautisha vizuri kati ya seli ya saratani na seli za shina la nywele, za utando wa mdomo na za uboho. Zile za kawaida hurudi kazini baadaye, na nywele huota. Ningependa wagonjwa waambiwe hivyo kabla ya chupa ya kwanza ya dawa. Nimemwona mwanamke pale Grande Barrière akivua kitambaa kichwani ili askari alinganishe uso wake na picha ya kitambulisho, na askari, ambaye alikuwa kijana mwenye adabu, akamwambia, "Samahani mama, pita," bila kungoja.

Safari za vikopo vyetu nazo zina mambo yake. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma mwezi Julai, kila aliyevuka alinawa mikono na kupimwa joto, na kikopo chenye nyama ya mtu kilihitaji maelezo marefu, ingawa formalini huua virusi. Tarehe 1 Agosti mwaka huo mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa. Ukaja ugonjwa wa korona, mipaka ya nchi kavu ya Rwanda ikafungwa, na ilifunguliwa tena kwa wasafiri wa kawaida Machi 2022. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, njia ilikatika tena. Kila kusimama kwa namna hiyo kuna mgonjwa aliyebaki nyumbani na uvimbe wake, na kuna kipande kilichokaa mahali kisipopaswa kukaa.

Hili la kipande nawaomba wenzangu wa vituo vya afya wanisikilize vizuri. Nyama iliyotolewa mwilini haifi mara moja. Ikicheleweshwa kutiwa formalini, seli zilizokuwa zikigawanyika humalizia au huharibika, na kwenye kioo idadi yake hupungua. Kwa saratani ya titi, hesabu ya seli zinazogawanyika ni moja kati ya mambo matatu yanayoamua daraja la ugonjwa. Kikopo kikavu, au kilichojazwa maji ya chumvi kwa kukosa formalini, kinaweza kuufanya ugonjwa mkali uonekane mpole, na mgonjwa akapewa tiba isiyomtosha. Formalini yenyewe hupenya polepole, milimita 1 kwa saa au pungufu, kwa hiyo titi zima lisitumbukizwe bila kupasuliwa vipande.

Basi ewe mganga, muuguzi au ofisa tabibu unayesoma haya: kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki sita za matunzo mema, au kovu la zamani lililofunguka upya, kata kipande pembezoni mwake, mahali pagumu palipoinuka. Kitie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara kumi ya kipande. Andika kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko, jina, umri, mahali kilipotoka, siku na saa. Nawe mwenye kidonda, usikizoee.